Köln: wikendi za mwanafunzi bila kumaliza hela

Swali: Wakuu, mwanafunzi aliyefika Köln, Ujerumani, muhula huu atembee vipi wikendi kwa hela kidogo? Na Jumapili anakula nini?

Jibu: Aangalie kwanza kama ada ya muhula imebeba tiketi ya usafiri. Vyuo vingi hutoa Deutschlandsemesterticket, yaani tiketi ya muhula ya Ujerumani nzima: inapanda treni za mkoa (RE, RB na S), tramu na mabasi ya mjini, nchi nzima. Haipandi treni za haraka za masafa marefu (ICE, IC wala EC), na hapo ndipo wageni wanapoumia. Treni mbili zinaenda mji mmoja, anarukia ile ya haraka, faini inaanzia euro 60. Kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli, achuje zibaki za mkoa tu. Tiketi ina jina lake, kwa hiyo abebe kitambulisho. Simu ikizima, mkaguzi anahesabu hana tiketi, basi pawabenki lazima.

Jibu: Aanze na mlima Drachenfels, mita 321. Treni mpaka Bonn, halafu tramu 66 hadi Königswinter, kisha apande kwa miguu. Kitreni cha kupandisha mlimani kina nauli yake, tiketi ya muhula haikigusi.

Jibu: Chakula anunue Jumamosi! Jumapili maduka karibu yote hufungwa kisheria. Ya ndani ya stesheni kuu hufunguliwa, ila bei zake, mh. Na chupa za plastiki zenye alama ya dhamana asizitupe wala kuziponda: mashine ya supamaketi inarudisha senti 25 kila moja, lakini ikishindwa kusoma lebo inaitema.

Muuliza swali: Shukrani, nimempelekea yote.