Picha nyeusi na nyeupe za kumbukumbu: pigimenti tu, au wino wa dai (dye) bado unafaa?

Mhifadhi, Entebbe
Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za zama za Idi Amin kutoka hazina ya UBC, shirika la utangazaji la Uganda. Familia nazo zina negativu (filamu za picha) za wazee wao na zinataka zichapwe. Msimamo wangu: studio isiuze picha kwa jina la "kumbukumbu" ikiwa imetumia dai. Rangi ya dai imeyeyuka kabisa ndani ya wino, kwa hiyo mwanga na ozoni, gesi iliyomo hewani, huivunja upesi. Pigimenti ni chembe ngumu za rangi: sehemu ya nje ikiliwa, ya ndani ingali nzima. Na weusi wake ni kaboni, ndugu zake masizi ya jikoni. Nani amewahi kuona masizi yakipauka?

Fundi, Nasser Road
Ssebo, kaboni nakubali. Lakini pigimenti haitaki printa ilale. Wiki mbili bila kazi, chembe zinatuama, matundu ya kutolea wino yanaziba. Umeme ukikatika katikati ya karatasi, kichwa cha kuchapia kinabaki wazi, hakijarudi kwenye kifuniko chake, wino unakaukia humo. Ukisafisha mara nne mfululizo umemwaga wino ghali kwenye sifongo ya taka. Halafu karatasi ya kung'aa: dai huzama, uso unabaki sawa, weusi mzito. Pigimenti hukaa juu. Inamisha picha uone sehemu za giza zikitoa mng'ao wa shaba. Mteja atairudisha.

Mpiga picha, Jinja
Mnagombania aina ya wino, mmesahau kuhesabu kijivu. Printa ya Epson L805 ina matangi sita ya dai, na nyeusi ni moja tu. Kijivu cha uso wa bibi kinaundwa kwa kuchanganya rangi, ndiyo maana kwenye mwanga wa dirishani kinapendeza na chini ya taa ya tyubu kinageuka kijani. Tena kila rangi hupauka kwa mwendo wake, hivyo picha haififii tu, inabadilika rangi. Canon PRO-200 ni ya dai pia, ila ina kijivu na kijivu hafifu. Epson P700 ya pigimenti ina nyeusi mbili, ya karatasi ya kung'aa na ya isiyong'aa, pamoja na kijivu mbili.

Wale wanaomimina pigimenti ya chupa kwenye L805 wajue hili: mabaki ya dai kwenye mirija yakikutana nayo, wino unaweza kuganda mabonge. Profaili ya zamani, yaani faili linaloiongoza printa kupata rangi sahihi kwa wino na karatasi fulani, haifai tena. Na baada ya taabu yote hiyo, nyeusi bado ni moja.

Mhifadhi, Entebbe
Hilo la kijivu ni kweli, nalichukua. Kuhusu umeme: nunua UPS ndogo, betri ya akiba inayotosha kumaliza karatasi moja, kisha zima kwa kitufe cha printa, kamwe usizime ukutani, maana kitufe ndicho kinachorudisha kichwa mahali pake. Kila wiki chapa ukurasa unaogusa rangi zote. Mng'ao wa shaba? Tumia karatasi ya pamba isiyong'aa, na kwenye mipangilio ya printa uchague "isiyong'aa" vilevile. Ukiacha "ya kung'aa", printa itatumia nyeusi isiyo yake na giza lote litakuwa kama vumbi.

Fundi, Nasser Road
Sawa, lakini picha ya msibani, ya kubebwa siku moja, mnataka niichape kwa pamba? Dai iliyofungwa nyuma ya kioo haipati hewa, inadumu zaidi kuliko ile iliyobandikwa wazi. Ila msiiweke kwenye fremu ikitoka tu mashineni. Iacheni saa 24, la sivyo kioo kinashika ukungu.

Mhifadhi, Entebbe
Ya siku moja chapa kwa dai, sina ugomvi. Ninachodai ni risiti iandike wino gani na karatasi gani. Anayelipia picha ya kurithisha wajukuu ana haki ya kujua.

Fundi, Nasser Road
Kuandika kwenye risiti, nakubali. Kukatazwa, bado sikubali.