Pacman ndani ya Debian, inawezekana?

Swali: Wakuu, salaam kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Natumia Debian 12 (mfumo wa Linux), Python yake ni 3.11, na kazi ya mteja inataka toleo jipya zaidi. Nisakinishe pacman, kisakinishi cha programu cha Arch (Linux nyingine), humohumo nivute pakeji zake?

Jibu: Usithubutu mkuu! Apt (kisakinishi cha Debian) na pacman kila moja ina daftari lake la pakeji, haisomi la mwenzake. Zikigombania glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, hata amri ndogo kama `ls` inaweza kugoma. Sakinisha podman na distrobox kwa apt, zikuwezeshe kuendesha Arch kwenye kontena, yaani chumba chake pembeni, kisha:

`distrobox create -n kazi -i docker.io/library/archlinux:latest`

`distrobox enter kazi`

Humo pacman ni ruksa, na mafaili yako ya home unayaona vilevile.

Jibu, Iringa: Naunga mkono, ila pakua usiku, bando litaumia. Mimi niko na Nix, kisakinishi kingine. Vitu vyake hukaa /nix/store, havigusi apt.

Muulizaji: Distrobox imekubali, Python mpya inapiga kazi. Asanteni sana.