Ushauri: tanki la majitaka la motahomu limejaa tukiwa njiani, tumwage wapi?

Msafiri: Heshima kwenu wakuu. Tumekodi motahomu, lile gari lenye jiko, choo na vitanda, tunatoka Chicago kwenda Denver pamoja na watoto watatu na mama mkwe wangu. Tumefika Iowa, na tangu jana taa inaonyesha tanki la maji machafu limejaa. Kambi tuliyolala haikuwa na shimo la kumwagia. Naomba mnielekeze.

Mama Wawili: Pole sana ndugu yangu, lakini kwa nini mzee wa watu asilale hotelini? Sisi tulisafiri na mama kwa gari dogo, tukawa tunalala hoteli za kando ya barabara, na hadi leo anaisimulia safari ile.

Dereva wa Masafa: Mkuu, ni tanki lipi? Kuna la kijivu, la maji ya sinki na bafu, na kuna jeusi, la choo.

Msafiri: Ni jeusi, niliona aibu kulitaja. Nyuma ya maegesho tuliyopo kuna mtaro wa maji ya mvua, na mpira nimeshauunganisha. Usiku hapapiti mtu, nami nitasukumia kwa ndoo kadhaa za maji safi. Naamini mtaro huo nao unakwenda kwenye mitambo ya kusafishia majitaka.

Mzaliwa wa Dar: Hauendi huko. Katika miji mingi ya Marekani mitaro ya mvua huishia mtoni bila maji yake kusafishwa. Nimekulia Dar es Salaam, mtaa ambao mvua ikianza tu watu walitapisha vyoo, na asubuhi tukavuka uchochoro kwa kuruka kutoka tofali hadi tofali. Mtoto wa chumba cha pili alilazwa kwa kipindupindu. Nakuomba sana, usimfanyie mwenzako wa chini ya mto jambo hilo.

Mdadisi: Mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Gari la kukodi hukabidhiwa na maelekezo, na tanki la choo halijai kwa siku chache.

Msafiri: Sijatunga. Mama mkwe ana maumivu ya magoti, hafiki choo cha kambi, kwa hiyo sote tumetumia hiki. Ukikanyaga pedali, maji yanasimama karibu na mdomo wa bakuli wala hayashuki.

Dereva wa Masafa: Huyu anasema kweli, kwa maana bakuli hufanya hivyo hasa tanki likijaa. Mkuu, baadhi ya vituo vya mapumziko kando ya barabara ya I-80 humo Iowa vina sehemu ya kumwagia, na baadhi ya vituo vya mafuta vya malori hukuruhusu kwa malipo. Vaa glavu, kaza mpira kwenye shimo, fungua vali ya tanki jeusi kwanza, kisha ya kijivu, ili maji ya sabuni yausafishe mpira. Baadaye tia maji kidogo na dawa yake katika tanki jeusi, lakini si klorini, kwa kuwa huua bakteria wanaoozesha uchafu katika mashimo ya majitaka. Vali ya jeusi ibaki imefungwa hadi tanki lifike theluthi mbili. Ukiiacha wazi, maji hutoka na kinyesi hubaki kikigandamana.

Msafiri: Mpira nimeufungua na kuurudisha mahali pake. Mke wangu amekiona kituo kimoja kwenye ramani, kipo mbele yetu upande huu huu wa barabara. Mama ameshafunga mkanda, tunaondoka sasa hivi.