Camry ya 2004 inadondosha oili nyekundu: ni giaboksi kweli?

Kutoka Columbus, Ohio. Jumamosi

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina Camry ya 2004, silinda nne, imeshatembea maili 190,000. Wiki hii nzima kila nikiondoa gari asubuhi naacha doa jekundu kwenye theluji, upana wa kisahani cha chai. Nikiweka D linasita kwanza, ndipo linashika. Gereji ya hapa jirani wamechungulia dakika tano wakaniambia sili za giaboksi zimekufa, ishushwe ifanyiwe matengenezo makubwa, dola 2,800. Gari lenyewe halifiki bei hiyo. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na saa hizo huku kwetu hakuna basi. Kuna aliyewahi kupitia hili?

Kutoka Minneapolis. Jumamosi

Pole sana dada. Nilikuwa fundi wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla sijaja huku, na mpaka leo mikono haijaacha spana. Nakuomba usilipe chochote mpaka tujue oili inaanzia wapi. Kuiona imedondoka chini hakutoshi, maana upepo wa safari huisukuma nyuma na kuisambaza tumbo zima la gari.

Kwenye Camry hiyo kuna vitu vitatu vyekundu. Kuna oili ya giaboksi otomatiki, inayoitwa ATF. Kuna ya pawa stiringi, ambayo nayo ni ATF, aina ya Dexron. Halafu kuna maji ya rejeta ya Toyota, mekundu au ya waridi. Gusa doa kwa kidole. Maji ya rejeta ni mepesi, yana harufu tamutamu, na yakikauka huacha ungaunga. ATF inateleza, na tone lake ukilitia kwenye kikombe cha maji linaelea.

Kisha tandika kadibodi pana chini ya injini usiku, uiwekee alama ya tairi zilipo. Ukikaa kwenye usukani, giaboksi iko mbele yako upande wa kushoto. Mikanda na pampu ya stiringi ziko upande wa abiria. Kadibodi itakuonyesha upande.

Kipimo cha oili nacho usikikosee, wengi hukosea hapa. Endesha dakika ishirini ipate moto, simama pa tambarare, injini ikiwaka kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L na urudi P. Ndipo uchomoe kijiti, ufute, urudishe, usome. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Ikiwa imekuwa kama maziwa ya waridi, zima gari na usiliendeshe tena: rejeta imetoboka kwa ndani, maji yanaingia kwenye giaboksi.

Kutoka Columbus. Jumapili usiku

Shikamoo kaka. Inaelea kwenye maji. Matone yapo kushoto, mbele kabisa, karibu na bampa. Kijiti kinasoma chini kidogo ya alama ya chini ya HOT, rangi nyekundu iliyofifia, haina harufu ya kuungua.

Kutoka Minneapolis. Jumapili usiku

Marahaba. Mbele kabisa? Umenipa moyo. Sili ya tokomveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ikifa, oili hutoka pale injini inapoungana na giaboksi, na hiyo kweli lazima giaboksi ishuke. Sili za shafti za magurudumu hulowesha pale shafti inapoingilia, na gasketi ya sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, hulowesha ukingo wa sampu kuzunguka. Mbele kwenye rejeta kuna mipira miwili inayopeleka ATF kupozwa. Baridi ya huku huikausha, na chumvi ya barabarani hula klipu na mabomba ya chuma.

Puliza dawa ya kusafishia breki injini ikiwa imepoa, futa pakauke kabisa, washa gari, umulike. Tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Tafadhali usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Kutoka Columbus. Jumatatu

Nimeiona kwa macho yangu! Mume wangu alishika taa. Mpira wa chini, unapoingia kwenye rejeta, una nyufa kama kisigino kilichopasuka. Injini ikiwaka, tone jekundu linajaa taratibu chini ya klipu, linaning'inia, linaanguka, jingine linaanza. Juu yake pakavu kabisa. Giaboksi yote kavu.

Kutoka Minneapolis. Jumatatu

Alhamdulillah. Badilisheni mipira yote miwili, wa pili una umri uleule. Nunueni mpira ulioandikwa kuwa ni wa kupozea oili ya giaboksi, msikubali wa hita, ATF huuvimbisha. Pelekeni kipande cha zamani dukani mlinganishe kipenyo. Kuutoa, msiuvute kwa nguvu: lile bomba limeshikwa na tanki la plastiki la rejeta, likivunjika mtanunua rejeta. Uchaneni kwa wembe kwa urefu, taratibu, bomba lisikwaruzwe. Mpira mpya upite lile tuta la mwisho wa bomba, klipu mpya ikae nyuma ya tuta.

Oili ni ATF ya Toyota aina ya T-IV, imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Msiweke ile aina nyingine ya Toyota, WS. Ongezeni nusu lita kwa funeli ndefu, pimeni kwa utaratibu uleule, muongeze tena kidogokidogo. Ikizidi inatoa povu, na povu hilo huharibu gia kama upungufu.

Kutoka Toronto. Jumanne

Wenye Honda za zamani, msifuate kipimo cha Toyota. Kwetu unapasha gari moto, unazima injini, unapima ndani ya dakika moja hivi. Mimi niliongeza oili isiyohitajika miezi mitatu kwa kupima injini ikiwaka.

Kutoka Columbus. Ijumaa

Mipira, klipu na oili: dola 61. Duka la vipuri limepokea ile oili iliyomwagika kwenye beseni, bure. Gari linashika D papo hapo. Leo asubuhi ni ya tatu, kadibodi kavu, nitaendelea kuitandika mpaka mwezi uishe. Kaka, Mungu akuweke. Nimekwenda kazini jana usiku kwa gari langu.