Tupeane uzoefu: neno la siku, mnaanza na neno gani na mnakwama wapi?

Mleta uzi
Wadau wa Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kukisia neno lililofichwa, leo tuongee kwa vitendo. Tangu Josh Wardle auweke hadharani Oktoba 2021 utamu ni uleule: herufi tano, majaribio sita, neno moja kwa siku na ni hilohilo kwa kila mtu. Kama kitendawili cha jioni, wote mmetegwa kitu kimoja. Leteni mbinu za Kiingereza na za Kiswahili tunachocheza kwenye makundi, mmoja anaficha neno na kuwajibu wenzake kwa viboksi: kijani, herufi ipo mahali pake; njano, imo lakini mahali pengine; kijivu au nyeusi, haimo.

Chaki Nyeupe
UTANI, kisha KESHO. Herufi kumi tofauti, na irabu zote tano umezimaliza.

Bi Mkubwa
Hapo sikubaliani. Konsonanti ndizo zinazotenganisha maneno. ADIEU ina irabu nne lakini SLATE na CRANE zinaishinda. Kiswahili chenyewe karibu kila neno linaishia na irabu. Anza na MKATE. M na K zinafungua majina mengi.

Chaki Nyeupe
MKATE inakuacha gizani kwa I, O na U, dada yangu. Irabu tatu hizo.

Fundi Herufi
Neno la kwanza halimuui mtu. Kinachoua ni mkia. Jaribio la pili limekupa _AMBA, kijani nne, moyo unaruka. Sasa hesabu: kamba, mamba, namba, pamba, gamba, lamba. Sita, na majaribio yamebaki manne. Ukipiga mamba, pamba, kamba, namba, na jibu ni gamba, umekwisha, na zile kijani nne ziko palepale tangu juu. Kiingereza wana -IGHT: eight, fight, light, might, night, right, sight, tight. Manane!

Dawa ni kutoa neno kafara. Andika MKOPO. M ikitoka kijani ni mamba, K njano ni kamba, P njano ni pamba. (M itatoka njano hata kama si mamba, maana imo katikati, usibabaike.) K na P zikikataa, na M si kijani, andika LANGO: L kijani ni lamba, N njano ni namba, G njano ni gamba. La tano unafunga, na moja limebaki mkononi.

Mzee wa Kijani
Naunga mkono. Hiyo ya kafara ndiyo yenyewe.

Kaka Mkubwa
Ukiwasha hali ngumu ya mchezo (hard mode) haipiti. Lazima urudie herufi ulizopewa.

Fundi Herufi
Ndiyo, kaka. Huko kinga ni mapema: usiufunge mkia kabla hujachuja herufi za mbele.

Bi Mkubwa
Ndiyo hizo konsonanti ninazozisema.

Niko Muscat
Jamani, neno hubadilika saa sita usiku kwa saa ya simu yako. Sisi tunawatangulia Dar kwa saa moja, na Toronto wakati huo bado wako na neno la jana. Wekeni viboksi tu, neno msitaje!

Mama Viboksi
Herufi iliyojirudia inawachanganya wengi. Jibu ni MKONO, mtu kaandika MLIMA. M ya kwanza kijani, ya pili kijivu. Anadhani mchezo umekosea, kumbe anaambiwa M ni moja tu. Wafichaji wa makundini wanaikosea hiyo kila mara: wanaweka njano, na mwenzao anahangaika kutafuta M ya pili ambayo haipo.

Chaki Nyeupe
Na mkubaliane kuhusu vitenzi kabla ya kuanza. Shina tu: cheza, fanya, pokea. Mkiruhusu ATOKA na NALIA hamtamaliza.

Kaka Mkubwa
Mimi naziruhusu. Ni Kiswahili hicho.

Mama Viboksi
Ruhusu kwa anayebahatisha, kaka, si kwa anayeficha.

Mleta uzi
Haya, jaribuni hili:

UTANI ⬛⬛⬛⬛⬛
KESHO ⬛🟩⬛⬛⬛

Irabu ni E tu. Nayaona pembe, wembe, jembe. Neno gani moja litayatenganisha?

Fundi Herufi
PWANI. P kijani ni pembe, W njano ni wembe, zote zikikataa ni jembe.

Bi Mkubwa
Hapo nakupa mji.