Mbegu chache, kitambi kikubwa: naombeni ushauri

Msafiri_Tabata
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina miaka 34, ndoa ina mwaka wa tatu, mtoto bado. Mke wangu kapimwa, yuko sawa. Mimi kipimo cha shahawa kimetoa mbegu milioni 9 kwa mililita, zinazotembea asilimia 25. Nina kilo 104, urefu sentimita 170, kiuno sentimita 112. Daktari kasema nipunguze uzito, akaita mgonjwa mwingine. Nguvu za kiume ninazo, sasa kitambi kinaingiaje hapa? Kinachoniumiza zaidi, mama yangu anamsema mke wangu.

Chuma_Tupu
Mkuu, choma sindano za testosteroni, ile homoni ya kiume. Mwezi mmoja utaona.

Dada_wa_Maabara
Asiguse! Ubongo ukikuta testosteroni ya sindano imejaa kwenye damu, unaacha kuziamrisha korodani zifanye kazi. Mbegu zinaweza kuisha kabisa, na kurudi kwake huchukua miezi mingi.

Mleta uzi, nguvu za kiume na mbegu ni mambo mawili, mtu anaweza kuwa na moja akakosa jingine. Mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni ikizidi, tezi iliyo chini ya ubongo inapunguza homoni za LH na FSH, ambazo ndizo zinazosukuma korodani. Halafu kuna joto. Korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mafuta ya mapaja na ya chini ya kitovu yanazifunika. Ndiyo maana kiuno nakiangalia kuliko mizani: mwanamume akipita sentimita 102, mafuta ya tumbo yameshakuwa mengi, na wewe umepita.

Kiwango cha chini cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha mwaka 2021 ni milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42. Kuwa chini ya hapo si ugumba, ila mimba inaweza kuchelewa. Rudia kipimo. Jizuie siku 2 hadi 7, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, usiiweke kwenye baridi. Je, uliugua homa kali miezi michache kabla ya kupima? Hiyo pekee inaweza kushusha mbegu. Na daktari akupapase korodani, maana mishipa ya damu iliyovimba hapo nayo hushusha mbegu, na humpata hata mwembamba.

Kupungua kunasaidia. Utafiti wa Denmark uliotoka 2022 ulifuatilia wanaume wanene waliopungua wastani wa kilo 16 hivi kwa wiki 8. Mbegu ziliongezeka kwa karibu nusu, na faida ikabaki kwa waliolinda uzito ule. Vumilia tu: mbegu inachukua kama miezi mitatu kukomaa, ukipima baada ya wiki tatu utakata tamaa bure.

Mama_Wawili
Kaka, kabla ya dayati kaa na mama yako umwambie majibu ni ya nani. Mwenzio anabeba lawama isiyo yake.

Msafiri_Tabata
Asante dada, nitaongea naye Jumapili. Dada wa Maabara, nianzie wapi? Mimi ni dereva, chakula changu chipsi na soda barabarani.

Dada_wa_Maabara
Soda leo hii iache, na kila ukipaki shuka utembee. Sigara kama unavuta, acha. Halafu muulize mkeo kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Akisema ndiyo, mwambie daktari, hilo nalo linaendana na testosteroni kushuka na linatibika.