Kiungulia cha usiku: dawa ya maji, omeprazoli, au nipimwe kwanza?

Wa_Umoja: Wadau, naomba ushauri. Kiungulia kinaniamsha saa nane usiku. Dawa nyeupe ya maji ya kemisti hunituliza kidogo tu, kisha moto unarudi kifuani. Jirani ananishauri omeprazoli. Ipi bora?

MamaTush: Pole dada. Nimetumia zote mbili, na kazi zao ni tofauti. Ya maji hupooza asidi iliyokwisha kutoka. Omeprazoli hufunga pampu za tumboni zinazoitoa, lakini hukamata zile zilizoamka tu, na chakula ndicho huziamsha, ndiyo maana humezwa nusu saa kabla ya kula. Mimi nilikuwa nameza nikipanda kitandani, miezi mitatu nikidhani nimeuziwa dawa feki. Nilipohamia kabla ya chai ya asubuhi, siku ya nne nililala hadi alfajiri.

Kaka_Kawangware: Ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, ndiyo ilinifaa usiku. Siku hizi siipati.

Nesi_Kayole: Kaka, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka iondolewe sokoni kwa ajili ya NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Famotidini ni ndugu yake na haina tatizo hilo, ila ukiimeza kila siku mwili huizoea upesi.

Wa_Umoja, usianze omeprazoli kabla ya kupimwa H. pylori, bakteria wa tumboni wanaoleta vidonda. Omba kipimo cha choo. Cha damu huweza kuonyesha hata maambukizi yaliyokwisha pona. Ukiwa unameza omeprazoli bakteria hupungua hadi kipimo kinawakosa, na itabidi uiache wiki mbili ndipo upimwe. Inaniuma kuona mtu akiambiwa hana, kumbe anao. Wakipatikana, utapewa antibiotiki pamoja na omeprazoli, mara nyingi siku 14. Maliza zote. Na ukiona choo cheusi kama lami, au chakula kinakwama kooni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wa_Umoja: Na wasipopatikana?

MamaTush: Unakula saa ngapi?

Wa_Umoja: Nikitoka mjini na foleni ya Jogoo Road, saa tatu na nusu. Saa nne nimelala.

Nesi_Kayole: Basi hapo kidonge kitakusaidia nusu tu. Hupunguza asidi, lakini hakikazi mlango wa juu wa tumbo, kwa hiyo ukilala umeshiba chakula bado hupanda. Kula kizito mchana, usiku kidogo, na uinue miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali.

Wa_Umoja: Asante dada zangu. Jumamosi napeleka choo maabara. Matofali ninayo nyuma ya nyumba.